Mwongozo kamili: kupima miyombo inayopungua Tabora kwa picha za setilaiti

Kila mwaka huletewa ramani za namna moja nizikague. Upande wa kushoto kijani tupu, upande wa kulia nyekundu tupu, na chini yake sentensi inayosema nusu ya msitu wa kata fulani imekwisha ndani ya miaka mitano. Nikitazama tarehe, picha ya kwanza ni ya Machi, ya pili ni ya Septemba. Msitu upo palepale. Miyombo, miti ya asili ya huku Tabora, imepukutisha majani, nyasi zimeungua, na aliyepima amepima kiangazi.

Kosa hili linaumiza watu. Ramani ikishafika mezani kwa mtendaji au kwenye mkutano wa kijiji, kuna familia itaulizwa imelima wapi na kwa ruhusa ya nani. Kwa hiyo nimeandika hatua zote, kuanzia mpaka wa kijiji hadi namba ya mwisho, kwa ajili ya mwanafunzi, ofisa wa misitu wa wilaya, au kijana wa kikundi cha ufugaji nyuki anayetaka kujua msitu wake umepungua kiasi gani. Mifano ni ya Tabora. Walioko Kigoma nitawataja pale mambo yanapotofautiana.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi, na nafasi ya gigabaiti 50 hivi kwenye diski.
- Programu ya QGIS ya kuchora na kuchambua ramani, toleo la muda mrefu. Ni ya bure. Ongeza na kiendelezi cha Semi-Automatic Classification Plugin, kinachoifundisha kompyuta kutambua aina za ardhi kutokana na mifano unayoichorea; nacho ni bure.
- Google Earth Pro, kwa ajili ya kutazama picha za zamani zenye mwonekano wa karibu.
- Akaunti ya bure kwenye tovuti ya Copernicus Data Space, zinakopatikana picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya.
- Bando la kutosha. Picha moja kamili hufika karibu gigabaiti 1, nawe utahitaji tatu kwa uchache. Kama mtandao wa kwako ni wa kuokoteza, nenda mahali penye intaneti nzuri siku moja, pakua zote, urudi nazo.
- Simu yenye GPS, daftari, na siku tatu za kutembea porini.
- Barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji. Usiiache iwe ya mwisho.

## Hatua ya 1: Andika swali, kisha tafuta mpaka

Swali zuri lina eneo, miaka miwili na kitu kimoja cha kupima. Kwa mfano: “Ndani ya msitu wa hifadhi wa kijiji chetu, ni hekta ngapi zilikuwa msitu Mei 2019 na si msitu Mei 2024?” Ukiandika “hali ya mazingira Tabora” utazunguka miezi mitatu bila kufika.

Amua pia msitu ni nini. Tafsiri ambayo Tanzania inatumia katika hesabu zake za kitaifa za hewa ukaa ni eneo la angalau nusu hekta, miti ya mita 3 au zaidi, na matawi yanayofunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Asilimia 10 ni ndogo, na miyombo iliyoachanaachana inahesabika. Hapo ndipo wengi huanza kwenda mrama, kwa sababu wanatafuta msitu wa kijani kizito kama wa milima ya mashariki, ambao huku kwetu haupo.

Sasa mpaka. Ramani nyingi za zamani za vijiji na hifadhi zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya ramani uitwao Arc 1960, wakati picha za setilaiti zinakuja kwa mfumo mwingine, WGS 84. Ukiweka namba za mfumo mmoja juu ya mwingine bila kuzibadilisha, mpaka unasogea karibu mita 300. Kwa msitu mwembamba ulio kando ya mto, mita 300 zinatosha kukuhamishia mashamba ya jirani ndani ya hifadhi.

Kwenye QGIS, mpe faili wa mpaka mfumo wake halisi kwanza: EPSG 21036 (EPSG ni namba ya kutambulisha mfumo wa ramani) kama ni Arc 1960 ya zoni ya 36 kusini. Ndipo umhamishie kwenye EPSG 32736, ambao ni WGS 84 wa zoni hiyohiyo. Tabora yote iko zoni ya 36. Kigoma imekatwa na mstari wa longitudo 30: Kigoma mjini na Ujiji ziko zoni ya 35, Kasulu na Kibondo ziko zoni ya 36. Chagua zoni moja kwa kazi nzima, uishike hadi mwisho.

Utajua umefaulu mpaka ukilalia barabara, mto au njia ya reli inayoonekana kwenye picha pale unapopaswa kulalia. Kagua pembe tatu, usitosheke na moja.

## Hatua ya 2: Chagua msimu kabla ya kuchagua mwaka

Hii ndiyo hatua inayoangusha watu, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na huku na huku siku chache. Mwaka wa miyombo ukiutazama kutoka angani unakwenda hivi:

Desemba hadi Aprili kila kitu ni kijani. Mtundu (mmoja wa miti ya miyombo) ni kijani, mahindi kijani, tumbaku kijani, nyasi za mbugani, yaani kwenye mabonde ya udongo mweusi, kijani. Setilaiti haioni tofauti kati ya shamba la mahindi lililostawi na kichaka. Tena mawingu ni mengi, na picha safi ni za kubahatisha.

Mei hadi katikati ya Juni mawingu yameondoka. Mahindi yamekauka au yamevunwa, nyasi zinageuka rangi ya majani makavu, lakini miti bado imevaa majani yake. Miti peke yake ndiyo kijani.

Mwishoni mwa Juni hadi Agosti moto unatembea. Wafugaji wanachoma ili nyasi changa ziote, walina asali wanaacha moto wa moshi, na moto kichaa unamaliza mengine. Miti nayo inaanza kupukutika.

Septemba na Oktoba miyombo inachipua kabla ya mvua, na majani machanga yanatoka mekundu, ya shaba na ya kijani hafifu. Inapendeza machoni, lakini kwa upimaji ni balaa, kwa sababu kilima kimoja kinaweza kuwa kimechipua na cha pili yake bado uchi kwa wiki mbili nzima.

Dirisha lako basi ni Mei 10 hadi Juni 20. Picha zote za kazi yako zitoke humo, na siku zake zisipishane zaidi ya wiki mbili kati ya mwaka na mwaka. Ukitumia ya Mei 20, 2019, ya pili itafute kati ya Mei 10 na Juni 3. Faida nyingine ya kushika tarehe ni kwamba jua linakuwa kwenye pembe ileile, hivyo vivuli vya miti na vilima havibadiliki.

Usichukue miaka miwili tu. Chukua na mwaka wa tatu, unaofuata baada ya ule wa mwisho, au ulio karibu nao. Miti mingi ya miyombo ikikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki, na eneo lililoungua Mei hii huwa kijani Mei ijayo. Picha ya tatu ndiyo shahidi. Lililo jekundu mara moja lilikuwa moto. Lililo jekundu mara mbili ni shamba.

Onyo kuhusu mvua. Mwaka ambao mvua ilikatika mapema, Mei yake hufanana na Julai ya mwaka mwingine. Hatua ya 5 ina njia ya kukagua hilo.

## Hatua ya 3: Pakua picha, na usome jina la faili

Sentinel-2 ndiyo nayoipendekeza kwa kazi ya baada ya 2016. Setilaiti ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, na zikiwa mbili kila mahali hupigwa picha kila baada ya siku 5. Pikseli (kijiraba kimoja cha picha) ya bendi kuu ni mita 10 kwa 10, na kila bendi ni picha ya aina moja ya mwanga, kwa hiyo pikseli 100 ni hekta moja. Hesabu rahisi kabisa.

Ukitaka kurudi nyuma ya hapo, tumia Landsat, setilaiti za Marekani, yenye pikseli za mita 30 na picha tangu miaka ya 1980. Jihadhari na Landsat 7: tangu Mei 31, 2003 picha zake zina michirizi mitupu kwa sababu kifaa kimoja ndani yake kiliharibika. Kwa kipindi hicho tumia Landsat 5 hadi 2011, kisha Landsat 8 kuanzia 2013.

Chagua picha za kiwango cha L2A, ambazo zimeshasafishwa athari za hewa. Weka kichujio cha mawingu chini ya asilimia 10, halafu bado uitazame picha yenyewe kwa macho. Asilimia hiyo ni ya picha nzima yenye upana wa kilomita 110, na wingu moja tu likikaa juu ya kijiji chako linatosha kukuharibia kazi. Setilaiti hupita kwetu kama saa tano asubuhi, wakati ambao Mei anga huwa safi. Unachopaswa kukiogopa zaidi ni moshi, unaoonekana kama utando wa maziwa.

Sasa mtego ambao hata wazoefu wanaingia. Ndani ya jina la faili kuna sehemu inayoanza na N, kwa mfano N0214 au N0510. Hilo ni toleo la uandaaji. Kuanzia N0400, lililoanza Januari 25, 2022, kila pikseli imeongezewa 1,000. Faili za zamani zilizoandaliwa upya hubeba N0500 na nazo zina nyongeza hiyo. Lakini ile picha ya 2019 uliyopewa na mwenzako kwenye flashi huenda haina.

Ona kinachotokea. Pikseli ya mti ina 3,000 kwenye bendi ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na 600 kwenye nyekundu. Fahirisi ya ukijani, NDVI, ni tofauti yake gawanya kwa jumla: 2,400 kwa 3,600, sawa na 0.67. Pikseli hiyohiyo ikiongezewa 1,000 kila upande inakuwa 2,400 kwa 5,600, sawa na 0.43. Hakuna shoka lililogusa mti huo, lakini ramani itasema umekwisha.

Kwa hiyo, faili ikiwa N0400 au zaidi, toa 1,000 kwenye kila bendi kabla ya hesabu yoyote. Ikiwa chini ya hapo, usitoe. Andika kwenye daftari ni faili ipi umeifanyia nini.

Utajua umefaulu ukichukua pikseli za maji ya bwawa au ziwa kwenye picha zote. Bendi ya infraredi juu ya maji safi yenye kina inapaswa kuwa karibu na sifuri, kwa kawaida mamia machache. Ikizidi elfu moja sehemu zote, nyongeza bado imo.

## Hatua ya 4: Pakia bendi, kata, panga

Unahitaji bendi sita tu: 2, 3, 4 na 8 za mita 10, kisha 11 na 12 za mita 20. Zilete zote kwenye mita 10 ili zilingane. Kufanya hivyo hakuongezi undani wa bendi ya 12, kunazifanya tu zikae kwenye gridi moja.

Kata kwa mpaka wako, ukiongeza kilomita 2 kila upande. Watu wanaolima hifadhini huanzia ukingoni, na bila kuona nje ya mpaka huwezi kuelewa kinachosukuma kuelekea ndani.

Ondoa mawingu kwa kutumia faili ya SCL, inayotaja kila pikseli ni ya kitu gani, nayo huja na kila picha ya L2A. Namba 3 ni kivuli cha wingu, 8 na 9 ni wingu, 10 ni wingu jepesi la juu. Zifanye pikseli tupu kwenye picha zote, hata kama wingu liko kwenye moja.

## Hatua ya 5: Kaa na picha kabla ya kuigusa

Tenga saa mbili. Weka bendi 11 kwenye nyekundu, 8 kwenye kijani, 4 kwenye bluu. Kwa mpangilio huu miti hutoka kijani, udongo mtupu waridi, maji meusi, na palipoungua hudhurungi iliyokolea au zambarau.

Jifunze mitego ya hapa kwetu kwa majina:

Miembe. Vijiji vya Tabora vimejaa miembe mikubwa isiyopukutika. Kutoka angani mashamba ya zamani na makazi yanaonekana kama vipande vya msitu mnene. Usiyafundishie kompyuta kuwa ni msitu. Kule Kigoma mahali pa miembe kuna michikichi, yenye tabia hiyohiyo.

Mikaratusi ya wakulima wa tumbaku. Vitalu vyake ni vya pembe nne na kijani sawasawa. Ni miti, lakini si miyombo, na ikivunwa si ufyekaji wa msitu wa asili. Ipe kundi lake.

Mbuga na majaruba (mashamba ya mpunga). Udongo mweusi ukiwa umelowa unafanana na palipoungua. Mbuga kwa kawaida ziko bondeni, kwa hiyo washa ramani ya miinuko uzitambue.

Mashamba yaliyolala. Shamba la tumbaku lililoachwa miaka mitano lina visiki vilivyochipua hadi kimo cha mtu. Ni kijani. Si msitu uliokuwepo, wala si shamba.

Kisha kagua mwaka kwa msitu wa rejea. Tafuta kipande cha hekta 50 au zaidi ambacho una hakika hakijaguswa wala kuungua, ndani ya hifadhi yenye ulinzi. Pima wastani wake wa NDVI kwa miaka yote. Ukikuta 0.66, 0.65 na 0.67, picha zako zinalinganishika. Ukikuta 0.66 na 0.54, mwaka mmoja mvua ilikatika mapema au tarehe imechelewa. Tafuta picha nyingine. Kurekebisha kwa kujumlisha na kutoa kunawezekana, lakini sikushauri ukiwa unaanza.

## Hatua ya 6: Fundisha kompyuta mabadiliko yenyewe

Njia inayofundishwa sana ni kutengeneza ramani ya 2019, kutengeneza ramani ya 2024, kisha kutoa moja kwenye nyingine. Naomba uiache. Kama kila ramani ni sahihi kwa asilimia 85, ulinganisho wake unaweza kuwa sahihi kwa 0.85 mara 0.85, yaani asilimia 72 tu. Mabadiliko ya kweli kwenye eneo lako huenda ni asilimia 4 au 5. Yatazama ndani ya makosa.

Badala yake, unganisha bendi sita za 2019 na sita za 2024 kuwa faili moja yenye bendi 12, na ongeza tofauti ya fahirisi ya NBR. NBR ni bendi 8 kutoa 12, gawanya kwa bendi 8 jumlisha 12. Naipenda kwenye miyombo kwa sababu bendi ya 12 inahisi unyevu wa majani na miti, wakati NDVI hudanganywa upesi na nyasi mbichi.

Makundi ya kufundishia yawe haya:

1. Msitu uliobaki msitu
2. Msitu uliogeuka shamba au makazi
3. Shamba na makazi yaliyobaki vilevile
4. Mbuga na nyasi zilizobaki vilevile
5. Msitu uliopitiwa na moto
6. Shamba lililorudi kichaka
7. Maji
8. Vitalu vya mikaratusi

Chora vipande 25 au zaidi kwa kila kundi, vidogo vya pikseli 10 hadi 30, vikiwa vimetawanyika eneo zima. Vipande vitatu vikubwa mahali pamoja vitaifundisha kompyuta udongo wa mahali hapo, na kwingine itapotea. Kabla ya kukubali kila kipande, kihakiki kwenye Google Earth Pro kwa kurudisha nyuma tarehe za picha. Kwa kundi la 2 na la 5 tumia na picha yako ya mwaka wa tatu.

Kwenye kiendelezi, chagua njia inayoitwa Random Forest, miti 200 au zaidi (ni “miti” ya maamuzi ndani ya kompyuta, si ya porini), na uiache ifanye kazi. Kwa eneo la kata moja ni dakika chache.

Matokeo ya kwanza yatakuwa na madoadoa. Tumia zana ya kuchuja kuondoa vipande vilivyo chini ya pikseli 50, ambazo ni nusu hekta, sawa na tafsiri yetu ya msitu. Usichuje zaidi ya hapo kwa ajili ya uzuri wa ramani. Mashamba ya wakulima wadogo ni ya hekta moja au mbili, na ndiyo unayoyatafuta.

Utajua umefaulu vipande vya kundi la 2 vikiwa na umbo la shamba: kingo zilizonyooka, karibu na njia au shamba la zamani, vikisogea mbele kama ulimi. Vikiwa na umbo la miali iliyotawanyika kufuata upepo, huo ni moto. Rudi uongeze sampuli za kundi la 5.

Jambo ambalo picha hizi haziwezi kukuonyesha. Mninga mmoja uliokatwa kwa mbao, mti mmoja mmoja uliochukuliwa kwa mkaa au kwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, haupo kwenye ramani hii. Msitu unaweza kuwa umepoteza miti yake yote mikubwa na bado ukawa kijani kwenye pikseli ya mita 10. Liandike hilo kwenye taarifa yako kwa maneno yaliyo wazi, la sivyo mtu atasema setilaiti imeonyesha hakuna uvunaji haramu.

## Hatua ya 7: Nenda porini

Chagua maeneo 20 hadi 30 yenye utata, yapakie kwenye simu, nenda. Fika kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, toa barua, eleza unachofanya, omba mwenyeji. Mwenyeji bora mara nyingi ni mlina asali, kwa kuwa anajua mti hadi mti na anakumbuka mzinga wake ulikuwa wapi kabla ya shamba kufunguliwa.

Ukifika kwenye eneo, salimia kwanza, kisha uliza: “Mzee, hapa palianza kulimwa msimu gani?” Usiulize nani alikata. Swali la kwanza linakupa tarehe. La pili linamfanya mtu afikirie faini, na hutapata jibu la kweli hapo wala shamba linalofuata. Nimewahi kuandamana na timu iliyofika na sare na kuanza kuuliza majina. Tulizunguka siku nzima kwenye mashamba matupu, watu wote wamejificha.

Kwenye daftari andika namba ya GPS, unachokiona, kimo cha miti, visiki kama vipo, alama za moto kwenye magome, na msimu uliotajwa. Piga picha pande nne. Jina la mtu usiandike, halihitajiki katika kipimo hiki, na daftari likipotea linaweza kumdhuru.

## Hatua ya 8: Hesabu eneo bila kuhesabu pikseli

Ukishasahihisha ramani, kishawishi ni kuhesabu pikseli nyekundu, kugawanya kwa 100, na kutangaza hekta. Namba hiyo si sahihi hata ramani ikiwa nzuri, kwa sababu makosa ya pande mbili hayafutani. Lazima uchukue sampuli.

Gawa ramani katika matabaka mawili, “msitu uliopotea” na “mengine yote”. Iambie QGIS itawanye pointi za nasibu ndani ya kila tabaka. Kisha kila pointi itazame kwenye picha za karibu za Google Earth Pro na picha zako za Mei, uamue ukweli ni upi. Atakayeamua asione ramani inasemaje. Wakiwa wawili wanaoamua kila mmoja peke yake, ni bora zaidi.

Tuchukue mfano wa kutengeneza. Eneo zima ni hekta 20,000. Ramani inasema zilizopotea ni hekta 800, zilizobaki ni 19,200. Umeweka pointi 100 kwenye tabaka la kwanza na 200 kwenye la pili.

Kwenye tabaka la kwanza, pointi 80 kati ya 100 ni upotevu wa kweli. Kwenye la pili, pointi 4 kati ya 200 ni upotevu ambao ramani haikuuona.

- Hekta 800 × 0.80 = 640
- Hekta 19,200 × 0.02 = 384
- Jumla: hekta 1,024

Ramani ilisema 800. Zile pointi nne tu zimebeba hekta 384, kwa sababu kila moja inasimama badala ya eneo kubwa.

Sasa ukubwa wa shaka. Kwa kila tabaka, chukua sehemu yake ya eneo lote (hapa 0.04 na 0.96), izidishe yenyewe kwa yenyewe. Kisha zidisha kwa uwiano wa upotevu, zidisha tena kwa uwiano wa pointi zisizo upotevu, gawanya kwa idadi ya pointi kutoa moja. Jumlisha matabaka yote mawili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa hekta zote:

- Tabaka la kwanza: 0.0016 × 0.80 × 0.20 ÷ 99 = 0.0000026
- Tabaka la pili: 0.9216 × 0.02 × 0.98 ÷ 199 = 0.0000908
- Jumla 0.0000934, kipeuo chake 0.00966
- Mara 20,000 ni hekta 193

Zidisha kwa 1.96 upate mpaka wa asilimia 95: takriban hekta 379. Jibu lako ni hekta 1,024, kasoro au zaidi 379. Yaani ukweli unaweza kuwa kati ya 645 na 1,403.

Shaka hii ni kubwa, na hesabu inakuonyesha inatoka wapi: karibu yote iko kwenye tabaka la pili. Kuongeza pointi kwenye maeneo mekundu hakutasaidia. Ongeza pointi 300 kwenye “mengine yote”, au litenge tabaka la tatu la ukanda wa mita 50 kuzunguka vipande vyekundu, kwani upotevu uliosahaulika hujificha pembezoni.

Onyo. Pointi hizi zisiwe zilezile ulizofundishia kompyuta. Ukimpa mwanafunzi mtihani wa maswali aliyofanyia mazoezi, atapata 100.

## Hatua ya 9: Andika na upeleke

Ramani yenyewe iwe na tarehe kamili za picha zote tatu, jina la setilaiti, mfumo wa ramani, kipimo, na namba ya hekta pamoja na shaka yake. Ramani isiyo na tarehe za picha irudishe kwa aliyeichora, hata kama ni mkubwa wako.

Kijijini peleka nakala iliyochapishwa kubwa, yenye majina ya vitongoji, mito na njia ambazo watu wanazijua. Badili hekta kuwa ekari, hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo zile 1,024 ni kama ekari 2,530. Soma na shaka yake pia: “kati ya ekari 1,600 na 3,500”. Watu wanaopima mahindi kwa debe wanaelewa vizuri kabisa kipimo chenye pungufu na ziada.

Usikubali vipande vyekundu vitumike kama ushahidi dhidi ya shamba la mtu mmoja. Kwenye mfano wetu, kipande kimoja kati ya vitano si upotevu wa kweli. Namba ya eneo zima unaweza kuitetea. Kipande kimoja kinahitaji mtu akafike, akione, na amsikilize anayelima pale.

Mwisho, hifadhi kwenye flashi mbili: picha za asili, faili ya mpaka, sampuli za kufundishia, pointi za kukagua na daftari lililopigwa picha. Moja ibaki ofisi ya kijiji. Dirisha la Mei likifunguka tena, atakayerudia kipimo aanzie hapo ulipoishia, kwa pointi zilezile za kukagua.